Dakika Mbili Katika Njia ya Watu

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Ndugu msomaji, nataka leo nikueleze kisa kilichonipata mimi mwenyewe, si cha kusikia wala cha kusoma kitabuni. Nimekaa nacho muda nikiona haya kukiandika, kwani mwalimu hapendi kusimulia siku aliyofundishwa yeye. Lakini nimeona kuwa kukificha ni ubakhili, na huenda nawe kikakufaa, khasa ikiwa una gari, au una mwana mwenye gari, au una ulimi mwepesi wa kujitetea.

Mwezi wa Juni mwaka 2025 nilikwenda London kumzuru mwanangu na wajukuu zangu. Watu wetu wa Pwani walioko huko wewe wawajua. Wengine walitoka Mombasa, wengine Lamu, wengine Unguja na Pemba. Wameoa na kuozana huko, na watoto wao wanaijua halua kwa kuletewa na wageni. Jumamosi moja palikuwa na nikahi ya binti wa jamaa yetu, nami niliombwa nisome khutuba. Nikahi yenyewe ilipangwa baada ya sala ya Alasiri, nasi tulitoka nyumbani tumekwisha kuchelewa, na sababu ya kuchelewa ni mimi, kwani nilipoteza muda mrefu nikitafuta kilemba changu.

Tulipofika mtaa ule hapakuwa na mahali pa kuweka gari. Mwanangu akazunguka mara moja, akazunguka mara ya pili. Mimi nawaona watu wamesimama mlangoni wanatazama saa zao, na moyo wangu hautulii. Nikamwambia, "Simama hapa hapa, niteremke."

Akasema, "Baba, hapa hapasimamwi. Hii ni njia ya baiskeli."

Nikamjibu, "Ni dakika mbili tu, mwanangu. Dakika mbili zitamdhuru nani? Na watu wananingoja."

Mwanangu ni kijana aliyelelewa, hakuniongeza neno. Akasimama. Nikateremka, nikapokewa, nikasoma khutuba, watu wakala, wakaomba dua, tukarudi nyumbani salama. Nikalala usingizi wa mtu aliyefanya jambo la kheri.

Huenda wewe hujaiona njia ya namna hii, basi nikueleze kidogo. Katika barabara nyingi za London wametenga sehemu ya pembeni, upande wa kushoto karibu na ukingo, wakawapa wapanda baiskeli. Ikiwa mstari mweupe unaoitenga umekatika-katika, maana yake ni kuwa wenye magari watakiwa wasiiingie ila wakiwa hawana budi. Lakini ikiwa mstari ni mmoja ulioungana, basi katika saa zake ni marufuku gari kupita wala kusimama humo. Na tangu mwaka 2020 halmashauri za miji ya Uingereza zimeruhusiwa kutumia kamera kuwanasa wanaosimama humo, pasi na haja ya askari kukaa na kitabu cha kuandikia. Mstari tuliousimamia sisi ulikuwa ule wa kuungana. Mwanangu aliuona. Mimi nami niliuona, lakini niliuona kama mtu aonavyo rangi, sikuuona kama mtu aonavyo mpaka wa shamba la mwenziwe.

Hazikupita wiki mbili, posta ikaleta barua. Ndani yake mna picha za gari letu, nambari yake yasomeka wazi, na mlango wa kushoto uko wazi. Faini ni pauni 160. Ikilipwa mapema ni nusu yake, pauni 80. Ikipuuzwa mpaka muda wake ukaisha, huongezwa nusu juu yake, ikawa pauni 240. Kwa fedha zetu hizo pauni 80 peke yake zilikuwa karibu shilingi 14,000 za Kenya. Na barua iliandikwa kwa jina la mwanangu, kwani katika mambo haya sheria ya kule humshika mwenye gari, haimuulizi nani aliyemwambia asimame.

Mwanangu akasema, "Baba, tulipe themanini, yaishe."

Ndugu msomaji, hapo ndipo nafsi yangu iliponisimamia. Nikasema, "Pauni themanini kwa dakika mbili? Hii ni dhulma. Kwani hakuna pa kushtaki?"

Akaniambia kuwa pako. Nami alipokwisha kunieleza, nilistaajabu, na mpaka leo nasema kuwa jambo lile ni zuri, na anayelijenga hujenga uadilifu. Mtu aliyeletewa faini ana siku 28 za kuwaandikia halmashauri na kusema, hili silikubali, na sababu yangu ni hii. Wakimkatalia, ana siku 28 nyingine za kwenda mbele ya mwamuzi aliye huru, asiyekuwa mtumishi wa ile halmashauri, na kwenda kwake halipi hata senti. Huko huangaliwa sheria na ushahidi. Je, kosa lilitendeka au halikutendeka? Je, gari lilikuwa lako siku ile au ulikuwa umekwisha kuliuza? Je, liliibwa? Je, alama ya barabarani ilikuwa yaonekana? Je, kiasi wanachotoza ndicho kilichowekwa na sheria? Na ikiwa palikuwa na dharura ya kweli, kama ya kunusuru maisha ya mtu, mwenye kuieleza husikilizwa.

Basi usinifahamu vibaya hapa. Mtu aliyeandikiwa kosa asilolitenda ana haki kamili ya kupinga, na kudai haki si ubishi. Mfano, kamera ikisoma nambari ya gari jingine ikaandika yako, ukinyamaza ukalipa umejidhulumu, na pengine umewapa wakubwa sababu ya kuwafanyia wengine vivyo hivyo. Lakini sisi hatukuwa katika hao. Sisi tulisimama.

Jioni ile alikuja jamaa mmoja kunywa kahawa, mtu mwema, mcheshi, amekaa nchi ile miaka mingi. Alipousikia mkasa akacheka. Akasema, "Sheikh, msilipe. Mambo haya mimi nayajua. Andikeni kuwa mzee alishikwa na kizunguzungu njiani, ikabidi gari lisimame. Neno la maradhi hawalipingi."

Mwanangu akanyamaza. Mimi nikasema, "Lakini sikushikwa na kizunguzungu."

Akauliza, "Huna sukari wewe?"

Nikasema, "Ninayo."

"Na goti lako si bovu?"

"Ni bovu, kweli."

"Basi uongo uko wapi? Mwenye sukari hushikwa na kizunguzungu. Kama si siku ile, siku nyingine."

Nakiri mbele yako, msomaji, kwamba sikumkatalia. Mimi niliyesomesha watoto wa watu zaidi ya miaka thelathini, niliyewachapa vidoleni kwa kusema uongo mdogo kuliko huo, nilinyamaza. Kisha nilifanya zaidi ya kunyamaza. Nilimwita mjukuu wangu, msichana wa miaka kumi na mitatu, akaja na kompyuta yake, mimi nikawa natamka kwa Kiswahili naye anaandika kwa Kiingereza. Na kwa kuwa nimezoea kutunga khutuba, ile barua ilitoka nzuri. Ilianza kwa heshima, ikataja umri wangu, ikataja ugeni wangu, ikataja sukari na goti, kisha ikaingia taratibu katika kile kizunguzungu, hata msomaji asingejua ni wapi kweli ilikoma na uongo ukaanza. Nilipomaliza kuitamka niliisikia tamu masikioni mwangu. Hilo nalo nalikiri, kwamba niliipenda.

Yule jamaa akasema, "Sasa tazameni ile filamu yao mjue ilipigwa muda gani, mpate kuwaambia kuwa gari halikukaa." Kwani halmashauri za kule humruhusu mwenye kuandikiwa aitazame filamu iliyochukuliwa na kamera, ili ajue anashtakiwa kwa lipi. Mjukuu wangu akaifungua. Tukakusanyika, mwanangu, mkewe, yule jamaa, na mimi mbele nimevaa miwani.

Likaonekana gari letu laingia, lasimama. Pembeni yake saa inahesabu sekunde. Mlango unafunguliwa, naonekana mimi nateremka. Nateremka polepole kwa ajili ya goti, lakini kizunguzungu hakipo. Nasimama imara, nainua mkono kuwaamkia watu ng'ambo ya njia. Nacheka.

Kisha akatokea kijana juu ya baiskeli. Akafika nyuma yetu, akatazama nyuma, akatoka katika njia yake akaingia kati ya magari, akapita. Mara akaja mwanamke aliyempakia mtoto nyuma, katika kiti kidogo walichonacho cha watoto, na mtoto amevaa kofia ngumu ya manjano. Alipofika nyuma ya gari letu alisimamisha baiskeli, akaweka mguu chini, akangoja. Nami wakati huo ndio nilikuwa nimerudi garini kuchukua sinia ya halua niliyotoka nayo Mombasa. Wallahi nilikuwa nimesahau kabisa kuwa nilirudi. Naonekana mlango wazi, sinia mkononi, nazungumza na mwanangu. Yule mwanamke akangoja tena. Alipoona hatuondoki, akageuza usukani wa baiskeli akatoka kati ya barabara. Nyuma yake lilikuwapo basi jekundu la ghorofa mbili. Basi likafunga breki ghafula, likainama mbele kama ngamia anayepiga magoti. Yule mwanamke akapita, akarejea katika njia yake, akaenda zake. Hakugeuka kututazama. Mimi nami sikugeuka. Nilikuwa nakitengeneza kilemba changu.

Saa ya filamu ilipofika mwisho, gari letu lilikuwa limesimama dakika nne na sekunde kumi na moja.

Hakuna aliyesema neno. Yule jamaa akalitazama bilauri lake la kahawa. Mjukuu wangu akairudisha ile barua mbele, akaweka kidole juu ya sentensi ya kizunguzungu, akaniuliza, "Babu, hii niifute au niiache?"

Hakuuliza kwa kunisuta. Aliuliza tu kama mwandishi anayetaka amri. Na swali lile, ndugu yangu, lilinifikia mahali ambapo waadhi wangu mwenyewe ulikuwa haujafika.

Nikakumbuka mwaka 1976. Nilikuwa kijana wa miaka kumi na sita, nakaa Kisauni na kusoma Mji wa Kale. Kila siku nilipanda baiskeli nikivuka daraja la zamani la Nyali, lile lililokuwa likielea juu ya maji, kabla halijafunguliwa hili la sasa mwaka 1980. Asubuhi moja ya mvua nilikuta gari limesimama pembeni mwa njia, mwenyewe anazungumza na rafikiye dirishani. Nikatoka kati ya barabara nilipite. Lori likapiga honi nyuma yangu, nikababaika, nikaanguka. Kitabu changu kikaingia topeni, na goti langu likapasuka. Yule mwenye gari alitoa kichwa akaniambia, "Nimesimama dakika moja tu, kijana. Mbona huangalii uendako?"

Goti lililoumia siku ile ni hili hili la leo. Ni goti lile lile nililotaka kulifanya shahidi wangu.

Nikamwambia mjukuu wangu, "Futa yote."

Ndugu msomaji, tangu usiku ule nimeyafikiri mambo matatu, nami nakuwekea mbele yako uyapime.

La kwanza ni haki ya njia. Sisi tumezoea kudhani kuwa njia haina mwenyewe, na kisicho na mwenyewe hakidhulumiki. Lakini Mtume wetu (S.A.W.) aliwakataza Masahaba kukaa kitako njiani, na walipomwambia kuwa hawana budi na mabaraza yao hayo, aliwaambia basi waipe njia haki yake. Walipomuuliza haki yenyewe ni ipi, katika aliyowatajia mlikuwa na kuzuia madhara. Na katika Hadithi nyingine, aliyoipokea Imamu Muslim, akahesabu kuwa kuondoa kinachoudhi njiani ni tawi katika matawi ya imani. Sasa fikiri. Mwenye kuondoa jiwe njiani ana sehemu yake ya imani. Je, yule anayekuja na jiwe la chuma lenye magurudumu manne akaliweka penye mapito ya watu? Mimi nilikuwa nikiisomesha Hadithi hii kila mwaka, na mfano niliokuwa nikiutoa ni miba na maganda ya ndizi. Sikupata kuutoa mfano wa gari langu.

La pili ni ushahidi. Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Surat An-Nisaa, aya ya 135, tusimame na uadilifu na tutoe ushahidi kwa ajili yake, hata ikiwa ushahidi huo utatuelemea sisi wenyewe, au wazee wetu, au jamaa zetu. Tazama jinsi amri ile ilivyoanza na nafsi zetu, kwani hapo ndipo mtihani ulipo. Kumshuhudia jirani kwa haki ni kwepesi. Kujishuhudia mwenyewe ndiko kuzito. Na Mtume (S.A.W.) alipoyataja madhambi makubwa alikuwa ameegemea, lakini alipofika kwenye ushahidi wa uongo alikaa kitako, akalikariri neno hilo mpaka waliokuwapo wakatamani anyamaze kwa kumwonea huruma. Sasa mtu atasema, hii ni karatasi ya faini tu, si mahakama ya kadhi. Nami namuuliza, uongo hupimwa kwa ukubwa wa karatasi? Na zaidi ya hayo, mimi nilikuwa nauandikisha uongo wangu kwa mkono wa mtoto. Faini ingalifutwa, lakini yeye angalibaki akijua, maisha yake yote, kuwa babu yake alisema hivi na filamu ikasema vile.

Na hilo la filamu linatosha kuwa mawaidha peke yake. Sote twasoma Surat Yaasin, wengine wetu kila usiku wa Ijumaa, na twajua kuwa iko siku vinywa vitafungwa, mikono iseme na miguu ishuhudie. Nilipokuwa kijana nilikuwa najiuliza itakuwaje mguu wa mtu useme. Siku ile nimeuona mguu wangu juu ya ukingo wa barabara ya London, umesimama imara, unasema kuwa ulimi wangu ni mwongo. Na hiyo ilikuwa kamera ya binadamu, iliyotundikwa juu ya mlingoti.

La tatu ni ufasaha. Hili nalisema khasa kwa watu kama mimi, masheikh, walimu, mawakili, na kila mwenye kalamu. Katika Hadithi aliyoipokea Mama wa Waumini, Ummu Salama (R.A.), iliyomo katika Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) amebainisha kuwa yeye ni mwanadamu, watu humletea magomvi yao, na pengine mmoja wao huwa hodari wa kutoa hoja kuliko mwenziwe, akahukumiwa kwa yale aliyoyasema, na kwamba mwenye kukatiwa haki ya nduguye kwa njia hiyo amekatiwa kipande cha moto. Sikiliza vyema, msomaji. Ikiwa hukumu ya Mtume mwenyewe haimhalalishii mtu kitu alichokipata kwa ulimi wake, je, barua ya halmashauri ya kusema umesamehewa itakuhalalishia? Kushinda kesi ni jambo moja na kuwa na haki ni jambo jingine. Mara nyingine hukutana, na mara nyingine hupishana kama jahazi mbili usiku.

Asubuhi yake mwanangu alinijia na rai nyingine. Akasema, "Baba, twaweza kuandika kweli tupu. Tuseme mzee ana miaka sitini na mitano, goti lake bovu, ni mgeni. Yule mwamuzi huru hafuti faini kwa huruma tu, yeye huangalia sheria. Lakini halmashauri wenyewe waweza kusamehe wakiona sababu."

Rai hiyo haikuwa na uongo ndani yake, na kuomba msamaha si aibu. Nilikaa nikaifikiri. Mwisho nikamuuliza, "Siku ile tulisimama kwa ajili ya goti?" Akatabasamu, akasema, "La, Baba. Tulisimama kwa kuwa tumechelewa." Nikamwambia, "Basi goti tuliache lipumzike. Kweli ikitumwa kubeba uongo mgongoni, mzigo unabaki ni ule ule." Kama ningekuwa nimesimamishwa na goti, ningeandika bila kuona haya, na nawe ukipatwa na hali hiyo andika. Lakini kilichonisimamisha mimi ni kilemba na macho ya watu.

Tukalipa pauni 80. Nilizitoa mfukoni mwangu, na mwanangu alikataa kuzipokea mpaka nikamwambia, "Wewe ulisema hapasimamwi. Sheria inakushika wewe kwa sababu gari ni lako, lakini Mola wangu anijua mimi niliyeamrisha." Hapo akazipokea. Nami nilimwomba radhi, kwani mzazi naye huweza kumtia mwanawe makosani kwa kutumia heshima anayopewa. Mtoto akikutii katika jambo baya, huko si kukuheshimu tu, ni deni umeliweka juu yake.

Yule jamaa yetu alipopata habari alisema nimezitupa fedha bure. Sikubishana naye. Lakini nakuambia wewe kuwa fedha zile zililipa deni la halmashauri peke yake. Deni la yule mwanamke na mtoto wake lingaliko. Simjui jina, simjui makao, wala simjui dini. Na sikuona kuwa dini yake inapunguza chochote katika haki yake ya kupita njiani akafika kwake na mwanawe. Wanazuoni wetu wametufundisha kuwa mtu akishindwa kumpata mwenye haki, amwombee kheri na amtolee sadaka. Hayo nimeyafanya, na mara kwa mara nikimaliza sala huikumbuka ile kofia ya manjano.

Sasa tuje kwetu, maana nisije nikakufanya udhani kuwa mambo haya ni ya London. Huku barabara nyingi hazina njia ya baiskeli iliyotengwa kwa mstari, na faini haiji kwa posta ikiwa na filamu. Lakini njia ziko, na wenye kuzipita wako. Tazama siku ya Ijumaa mbele ya misikiti yetu. Mtu amekuja khutuba imekwisha kuanza, analiacha gari kati ya njia, nyuma ya gari la mwenziwe, na moyoni mwake anasema, nakwenda kusali, ni dakika chache. Mwenye mkokoteni wa maji anakwama. Mwenye baiskeli aliyepakia makreti ya mikate anashuka, anasukuma, anapita mtaroni. Mama mjamzito anayekimbizwa hospitali kwa tuk-tuk anasikia honi tu. Sisi tumo ndani, tumepanga safu, twaitikia "Amin".

Tazama arusi zetu na matanga yetu. Tunafunga njia kwa hema siku mbili, pasi na kumwuliza jirani wala kumwachia mwanya wa kupita. Na tukishikwa na askari kwa kusimama pasipo ruhusa, wengi wetu hatuandiki barua ya kujitetea. Tunakunja noti kiganjani, tukapeana mkono naye, tukaondoka tukisema tumeyamaliza. Lile nalo ni lile lile la kizunguzungu, ila limevaa kanzu nyingine. Yule wa London anamdanganya mwamuzi kwa ulimi, na huyu wa hapa anamnunua kwa noti, na wote wawili wamekimbia swali moja: je, nilisimama katika haki ya mtu au sikusimama?

Basi ewe ndugu yangu, nakuusia na naiusia nafsi yangu kwanza. Ukiandikiwa kosa usilolitenda, pinga, na lete ushahidi wako, wala usiogope. Ukiandikiwa kosa ulilolitenda, lipa, na umtafute aliyeumia. Na kabla hujafika huko, Ijumaa ijayo utakapozima gari lako karibu na msikiti, usiteremke mara moja. Geuza shingo, utazame nyuma, ujue ni nani anayetaka kupita. Mimi sikugeuka, nikaja kuonyeshwa nyuma yangu na kamera.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe katika wanaoipa njia haki yake, na atusamehe tuliyoyafanya tukiyaona madogo. Wallahu aalam.

Wabillahi tawfiq, wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.